Nyumba Kwanza, Mjusi Baadaye: Ufugaji wa Mjusi-chui katika Joto la Malindi

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi, Malindi, msimu wa kaskazi

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mlioketi mbele mikekani, nawashukuru kwa kuja saa hizi za jua kali. Tangu nilipoingia, watoto watatu wamenijia mmoja baada ya mwingine kuniuliza mjusi yuko wapi. Mjusi yuko nyumbani, amelala, kwa sababu saa kumi za alasiri kwake ni kama usiku wa manane kwetu. Kasha hili mnaloliona mezani ni tupu, na nimelileta tupu makusudi, kwa kuwa jambo lililonileta hapa ni nyumba ya mnyama huyu pamoja na chakula chake, na nina hakika kuwa taabu nyingi zinazompata mjusi afugwaye huanza pale mnyama anapofika kabla ya nyumba yake.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari wa mifugo, na nitakayoyasema ni yale niliyojifunza kwa kusoma na kwa kumtunza mjusi mmoja kwa miaka sita. Mji wetu una wageni wakaazi wengi, Waitaliano hasa, na mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimwachia binti yangu mjusi ambaye hangeweza kusafiri naye. Binti yangu akampa jina la Shaba. Najua wapo humu ukumbini wazazi waliopokea wanyama wa namna hiyo kwa njia hiyo hiyo, na wengine ambao watoto wao wanawaomba kila siku, na kwa ajili yenu nimekubali kusimama hapa.

Kwanza nimtenge mnyama huyu na yule mnayemfahamu. Mjusi kafiri, anayekaa ukutani karibu na taa na kula mbu na nondo, ana vidole vyenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo humwezesha kushika kioo na hata kutembea darini. Hana kope za kufumba, na kwa hiyo husafisha macho kwa ulimi. Yule mdogo mwenye kichwa cha manjano mnayemwona mchana kwenye shina la mnazi ni wa jamaa hiyo pia. Nitakayemzungumzia leo ni mwingine, ambaye jina lake la kisayansi ni Eublepharis macularius, na ambaye mimi humwita mjusi-chui, kwa kuwa ngozi yake ya manjano yenye madoa meusi imempatia jina la chui hata kwa Kiingereza. Huyu ana kope, hufumba macho anapolala kama mtoto, na vidole vyake vina kucha tu, hivyo hawezi kupanda kioo. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Mtu mzima wake hufika urefu wa sentimita 20 hadi 25, mkia ukiwemo, na akitunzwa vizuri huishi miaka 10, 15, na wengine hufika 20. Naomba mzazi aipime namba hiyo vizuri. Mtoto wa miaka minane anayeletewa mjusi leo huenda akaoa au kuolewa mjusi angali hai, na ikiwa mtoto atakwenda kusoma Nairobi, mjusi atabaki mikononi mwa mama yake.

Kuna mambo mawili ambayo sitaki kuyaruka, kwa sababu nisipoyataja mtayauliza. La kwanza ni la dini. Wengi wenu mmelelewa, kama nilivyolelewa mimi, kwa kisa cha mjusi aliyekuwa akipuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim, na hadithi ya kuamrisha kuuawa kwake imo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim. Sikuja hapa kutoa fatwa wala sina elimu hiyo. Ikiwa mjusi wa nchi ya mbali asiyeishi ukutani kwetu anaingia katika hukumu ile au haingii, hilo ni swali la masheikh, na mzazi wa Kiislamu amuulize sheikh wake kabla mtoto hajampenda mnyama, kwa maana kumwondoa baada ya hapo ni kumuumiza mtoto bure. La pili ni la serikali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kujichukulia mnyama wa porini na kumweka nyumbani bila kibali, kwa hiyo watoto wasiende kukamata mijusi ya Arabuko-Sokoke wala ya magofu ya Gede na kuitia chupani. Hata aliyeachiwa mjusi wa kigeni afike kwanza katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aulize hali yake kisheria.

Sasa niingie katika nyumba, na nianze na kosa langu mwenyewe.

Shaba alifika kwetu mwezi wa Februari. Nilikuwa nimesoma maelezo mengi kuhusu mjusi-chui, na takriban yote yalisisitiza taa ya kumpasha joto, nami nikatii neno kwa neno. Nililiweka kasha lake juu ya kabati, katika chumba cha nyuma chenye paa la mabati, nikaifunga taa upande mmoja, nikaiwasha asubuhi na kwenda shuleni. Niliporudi saa nane mchana nilimkuta amejibanza katika pembe ya mbali kabisa na taa, mdomo wazi, pumzi zinakwenda mbio, tumbo limelala sakafuni. Niliingiza kipimajoto upande ule niliokuwa nikiuita wa baridi, kikasoma nyuzi 37. Nilimtoa kwa kiganja, nikamweka kwenye vigae vya sakafu ya ukumbini karibu na mtungi wa maji, na nilikaa naye chini pale mpaka adhana ya alasiri, nikiutazama ubavu wake ukipanda na kushuka, mpaka pumzi zikatulia. Alikaa siku 11 bila kugusa chakula. Binti yangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na ukimya wake uliniuma kuliko lawama.

Maelezo yale hayakuwa ya uongo. Yaliandikwa kwa watu ambao nje ya dirisha lao kuna theluji, ambao kazi yao ni kumtafutia mnyama joto. Sisi wa pwani tuna kazi nyingine: joto tunalo la kutosha na kusaza, na tunachopaswa kumtafutia mnyama ni baridi ya kukimbilia. Mjusi hatoi jasho, wala mwili wake hauzalishi joto lake wenyewe kama wetu. Huuendesha mwili kwa miguu, yaani huenda penye joto anapotaka kumeng'enya chakula, kisha huondoka kwenda penye baridi anapotosheka. Kwa mnyama huyu joto huanza kazi hata kabla hajaanguliwa: mayai yakitunzwa katika nyuzi 26 hivi hutoka majike kwa wingi, na yakitunzwa katika nyuzi 32 au 33 hutoka madume kwa wingi. Ukimfungia mahali penye joto la namna moja tu, hata liwe zuri namna gani, umemnyima uwezo wa kujitibu.

Mfano bora wa nyumba anayoihitaji hauko mbali. Aliyewahi kuingia katika nyumba za mawe za Lamu anajua kuwa mtu hupita daka la mlangoni, akafika katika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa jua na upepo, kisha akaingia msanani, ukumbi unaofuata, na kadiri anavyozidi kuelekea ndani ndivyo jua linavyopungua na ubaridi wa kuta nene za matumbawe na chokaa unavyomkaribisha. Watu wa nyumba ile hawakukaa mahali pamoja kutwa nzima; walihama na saa. Lijengeni kasha la mjusi kwa fikra hiyo. Liwe na kiwanda chake na liwe na ndani yake, na mwenye nyumba aachiwe kuhama atakavyo.

Kasha hili lina urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45, na amelitengeneza fundi wa aluminiamu wa hapa mjini. Mbele ni kioo cha kusukuma, nyuma na chini ni ubao uliopakwa vanishi isiyo na harufu na kuachwa wiki mbili ikauke, juu na ubavu mmoja ni wavu mwembamba wa chuma. Wale walioniambia kuwa watatumia tangi la samaki lililopasuka nawaomba wafikiri tena. Tangi la kioo pande zote lisilopitisha hewa, hapa kwetu, ni sufuria yenye mfuniko. Hewa ya Malindi ina unyevu mwingi mwaka mzima, na mnyama wa nchi kavu akivuta hewa nzito isiyotembea hupata maradhi ya mapafu, ambayo utayajua kwa povu puani na kwa mlio mdogo anapopumua. Wavu wa ubavuni ndio unaomwokoa, kwa sababu hewa huingia ubavuni na kutoka juu.

Kiwanda cha mjusi ni upande wa taa. Hapo weka jiwe bapa, na juu yake ndani ya waya taa ndogo yenye themostati, na kidude cha themostati kilazwe juu ya jiwe lenyewe, pale tumbo lake linapogusa, ili jiwe likifika nyuzi 32 au 33 taa ipungue yenyewe. Mwezi wa Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma na usiku ukipoa, taa hiyo itafanya kazi asubuhi na jioni. Mwezi wa Februari na Machi kuna siku ambazo haitawaka kabisa, nanyi msiilazimishe. Ukiweza kuongeza taa nyembamba ya miale ya urujuanimno isiyo kali, iwashwe kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku na kuzimwa usiku, utamsaidia kujitengenezea vitamini D3 mwilini. Dirisha la jua halichukui nafasi ya taa hiyo, kwa sababu kioo huzuia sehemu ya miale anayoihitaji, na kasha likipigwa na jua moja kwa moja litampika.

Ndani ni upande wa pili, na hapa ndipo penye kazi. Tunataka nyuzi 24 hadi 27, na msimu wa kaskazi chumba chenyewe huenda kikawa 31. Dawa ya kwanza ni mahali. Liondoeni kasha juu ya kabati, msiliweke chini ya mabati wala karibu na jiko, lipelekeni chumba cha chini chenye ukuta mnene na dari, na liwekwe juu ya meza fupi karibu na sakafu, maana hewa ya moto hupanda. Dawa ya pili ni chupa ya maji yaliyogandishwa, iliyoviringwa katika taulo na kulazwa katika sinia juu ya wavu wa upande huo kuanzia saa sita mchana. Baridi yake hushuka polepole, na sinia hupokea matone yasimdondokee mnyama. Chupa mbili zinazopokezana zimenitosha kwa misimu sita. Msimpulizie feni moja kwa moja. Feni izungushe hewa ya chumba tu.

Kwa maficho hakuna haja ya kununua vipango vya plastiki. Kifuu cha nazi kilichokatwa mlango na kusuguliwa kingo ni pango zuri kwa mjusi mchanga, na kwa mkubwa kigae cha mtungi uliovunjika, kile kipande cha bega chenye mviringo, kikilazwa kifudifudi huwa baridi siku nzima. Yawepo maficho matatu: moja kiwandani, moja ndani, na la tatu katikati lenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kuoshwa na kulowanishwa kidogo. La tatu ni la siku za kujivua ngozi, na nitalirudia.

Kuhusu sakafu nina neno moja tu, nalo ni kwamba msiweke mchanga wa ufukweni. Najua unavutia, na najua mtafikiri kuwa mnyama wa nchi kavu ataupenda, lakini anapomrukia mdudu humeza mchanga pamoja naye, na mchanga hujikusanya matumboni ukamziba. Vigae vya sakafuni vyenye uso wa kukwaruza kidogo vinafaa, vinasafishika, na vinapoa. Maji yawe katika kisahani kizito, yabadilishwe kila siku, na yawe ya kunywa, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yana chumvi.

Wazazi, maadui wa nyumba hii hapa pwani ni wawili, na wa kwanza ni sisimizi. Nyenje mmoja, mdudu wa chakula chake, aliyekufa nyuma ya jiwe huleta msafara mzima kabla ya alfajiri, na sisimizi humuuma mjusi aliyelala machoni na vidoleni. Bibi zetu walishaipata dawa yake walipotia miguu ya kabati la chakula katika mikebe ya maji, na meza ya mjusi isimame hivyo hivyo, maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili yasizae mbu. Adui wa pili ni mkono wetu wenyewe, pale tunaposhika kopo la dawa ya mende au kuwasha dawa ya mbu katika chumba alimo. Sumu inayomuua mdudu hukaa katika hewa, katika ukuta na katika mdudu anayekufa polepole, na mjusi akimla mdudu huyo amekula sumu. Chumba chenye mjusi kitumie chandarua.

Hilo linanifikisha kwenye chakula. Mjusi-chui hali majani, hali matunda, hali wali wala mkate, na mtoto asimjaribu. Anakula wadudu, na wadudu wawe hai. Mende wa chooni na panzi wa shamba lililopigwa dawa wasiingie katika kasha lake, na vimulimuli wasikaribie hata kidogo, kwa kuwa wapo wenye sumu inayoweza kumuua mjusi kwa kipimo kidogo sana. Kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua atawala kwa furaha, lakini ni mafuta matupu, na tena hamjui wamepita kwenye dawa ya nani.

Chakula cha kutegemewa ni nyenje wa kufugwa. Nchini mwetu wapo watu, hasa pande za Nyanza, wanaofuga nyenje kwa chakula cha binadamu, hivyo elimu ya kuwafuga ipo na si ngumu: ndoo yenye wavu juu, trei za mayai za karatasi za kujifichia, na kopo la mchanga wenye unyevu la kutagia. Wafugaji wa kuku nao wana mabuu ya inzi askari mweusi, ambayo yana kalisi nyingi kuliko wadudu wengi wa chakula, na mabuu machache mara moja kwa wiki yanafaa. Saa 24 kabla ya kumpa mjusi nyenje, walisheni nyenje wenyewe: kipande cha karoti, majani ya mchicha wa porini au ya mlonge, pumba kidogo. Kilichomo tumboni mwa nyenje ndicho kitakachofika kwa mjusi, na nyenje mwenye njaa ni ganda lisilo na kitu.

Hata nyenje aliyeshiba ana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na hili ndilo kosa linaloua mijusi wengi wa kufugwa duniani. Mjusi anayekosa kalisi huichukua kutoka katika mifupa yake mwenyewe. Taya hulainika, miguu hupinda, mgongo hujikunja, naye hatimaye hawezi kuinua tumbo. Ni matege yale yale tunayoyajua kwa watoto, na yakishafika hatua hiyo mifupa hainyooki tena. Kinga yake ni unga wa kalisi: nyenje hutiwa katika mfuko na unga kidogo, hutikiswa mpaka waonekane kama waliopakwa chokaa, kisha hupewa mara moja kabla hawajajikung'uta. Asiyepata unga wa dukani anaweza kuokota ufukweni ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamaa ya pweza, akauloweka katika maji baridi siku kadhaa akibadilisha maji ili chumvi itoke, akaukausha juani na kuusaga mpaka uwe laini kama unga wa ngano. Hiyo ni kalisi halisi. Haina vitamini D3, na bila vitamini hiyo mwili hauichukui kalisi, kwa hiyo asiye na taa ya urujuanimno anunue unga wenye D3 na autumie mara moja kwa wiki tu, kwa maana ikizidi nayo hudhuru.

Kipimo ni rahisi kukikumbuka. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mjusi mchanga wa miezi michache hula kila siku, anayekua hula siku moja na kupumzika ya pili, na mtu mzima hula mara mbili au tatu kwa wiki, nyenje watano hadi saba kila mara. Unga wa kalisi uwe kila mlo kwa mdogo, na kwa mkubwa utiwe mlo mmoja, urukwe wa pili. Asichokimaliza katika robo saa kitolewe, kwa kuwa nyenje aliyebaki usiku humtafuna mjusi aliyelala.

Wakati wa kumlisha Mungu ameshatupangia. Mjusi-chui huamka jua linapotua, na hapa karibu na ikweta jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo sisi tuna saa isiyohitaji kuwekwa betri. Kwangu, adhana ya Magharibi ndiyo kengele yake. Tukimaliza kusali, binti yangu huosha mikono, hutikisa mfuko, hufungua kioo. Mwezi wa Ramadhani futari na tarawehe hubana, nasi huusogeza mlo mpaka baada ya Isha, na baada ya siku tatu Shaba mwenyewe hutoka saa hiyo mpya.

Nawaomba siku moja mkae mtazame mlo huo bila kusema. Nyenje huachiwa mmoja. Kichwa hutokea kwenye kigae, kikasimama. Macho humfuata nyenje, mwili haujatikisika, kisha anashuka hatua moja, anainua mguu wa mbele, anausahau hewani. Ndipo ncha ya mkia inapoanza kutetemeka, ncha tu, kwa kasi kama kidole cha mpiga zumari, na shingo inainama. Anaruka. Baadaye hujilamba midomo yote miwili polepole na kufumba macho. Katika dakika hiyo mfugaji hujua mambo mengi: kwamba anaona vizuri, kwamba taya lina nguvu, kwamba miguu inabeba mwili. Mjusi anayemkosa nyenje mara tatu mfululizo ameanza kuumwa, hata kama anaonekana mnene.

Mkia nao ni ghala lake la akiba, mnene kama kidole gumba kwa mwenye afya. Ukianza kukonda ilhali anakula, mpelekeni kwa daktari wa mifugo na mumbebee kinyesi chake cha siku hiyo, kwa sababu huenda ana minyoo. Kamwe mtoto asimshike mkia. Akiogopa huukata mwenyewe na kuuacha ukirukaruka, na ingawa utaota mwingine, utakuwa mfupi, laini, usio na pete za ule wa kwanza, na akiba yote iliyokuwa humo imepotea.

Kila baada ya wiki nne hadi nane rangi yake hufifia, akawa kama amepakwa chokaa nyembamba. Anajiandaa kujivua. Siku hizo lile ficho la makumbi liwe na unyevu, naye ataingia, atajisugua, atavuta ngozi kwa mdomo kama mtu anayevua soksi, kisha ataila yote. Msishtuke na msimnyang'anye. Kesho yake hesabuni vidole. Ngozi ikibaki imezunguka kidole huwa kama uzi uliofungwa, hukaza, damu haipiti, kidole hufa. Maji ya vuguvugu katika kisahani, dakika 10 hadi 15, na kijiti cha pamba, vinatosha kuitoa bila kuvuta kwa nguvu.

Madume wawili wasiwekwe pamoja, watauana. Mimi nasema hata majike wawili wasiwekwe pamoja, kwa kuwa mmoja humtisha mwenzake na kumzuia chakula kimyakimya, nawe hutajua mpaka mkia ukonde. Mjusi mmoja katika kasha moja hana upweke. Na kila aliyemgusa au aliyegusa kasha aoshe mikono kwa sabuni, kwa maana watambaazi hubeba bakteria za salmonela bila wao kuumwa. Vyombo vyake visioshwe katika sinki la jikoni, na nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano ingoje.

Sasa nirudi kwenye kasha hili tupu. Ndani yake mnaona jiwe, vigae, vifuu, makumbi, kisahani, na vipimajoto viwili, kimoja kiwandani na kimoja ndani. Mwalimu mkuu ameniruhusu niliache katika chumba cha maktaba kwa wiki mbili, na wiki hizi mbili ni za joto kali zaidi katika mwaka. Daftari liko kando yake limefungwa kwa uzi. Nataka kila siku watoto wawili waende saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, wasome vipimajoto vyote viwili na kuandika. Ikiwa kile cha ndani kitapita nyuzi 28, watafute sababu: chupa haikuwekwa, au pazia liliachwa wazi, au meza iko karibu mno na dirisha; warekebishe, kisha wapime tena. Familia ambayo kasha lake la nyumbani litakaa siku 14 mfululizo bila kupita kipimo hicho ije kwangu, nami nitaifundisha kufuga nyenje. Wawili wa kesho asubuhi ni nani? Naona mikono mingi. Wewe mwenye kofia, na wewe hapo kwenye nguzo, njooni niwaonyeshe namna ya kusoma hiki cha kwanza.